Striming gani ulipie ukiwa Arusha au Moshi, kuanzia ya kwanza mpaka ya kuachana nayo

Kama we ni mtu wa sizoni na unaishi Arusha au Moshi najua unachopitia. Unaanza tamthilia, msimu wa kwanza upo, wa pili upo, wa tatu upo, wa nne umehamia kwenye apu ambayo ukiifungua inakwambia bado haijafika nchini kwako. Na sio kwamba hutaki kulipa. Hela ipo kwenye M-Pesa, bando lipo, hamu ndo usiseme, ila hakuna wa kuipokea hiyo hela. Hili linaniuma sana kwa sababu mashabiki wa huku kwetu kila siku wanaitwa wezi wa muvi, wakati vitu vingi wanavyovipenda havijawahi hata kuuzwa kwao.

Kwa hiyo kabla sijapanga ipi ya kwanza ipi ya mwisho, jambo moja ndo nalishikilia: usinunue apu, nunua sizoni. Yaani anza na jina la tamthilia unayoitaka, ujue hapa Tanzania iko wapi na iko misimu mingapi, halafu ndo utoe hela. Watu wengi wanafanya kinyume, wanalipia apu kwa sababu jina ni kubwa halafu wanaanza kutafuta cha kuangalia.

Ona yaliyowakuta mashabiki wa Star Trek, ule ukoo wa tamthilia za Marekani za safari za anga za juu (Discovery, Picard, Lower Decks na Prodigy zote ni za humo). Discovery ilipoanza 2017 ilikuwa Netflix kwenye nchi 188 nje ya Marekani na Kanada, kila mtu akazoea. Picard ikaja Januari 2020, hiyo wakaipeleka Prime Video. Lower Decks nayo huku nje ikaenda Prime Video. Tayari mtu anayependa kitu kimoja analipa sehemu mbili, sawa, watu wakavumilia. Halafu Novemba 2021, zimebaki siku mbili tu msimu wa nne wa Discovery uanze kule Marekani, mwenye mali, yaani kampuni yenye Paramount+, akatangaza anaiondoa Netflix yote, na misimu ya zamani nayo, ikakae kwenye Paramount+ ambayo nchi nyingi ilikuwa haijafika. Mashabiki dunia nzima wakaja juu, zikatafutwa njia za haraka za kuwaonyesha baadhi ya nchi, za Ulaya hasa. Prodigy ndo ikaenda njia ya kinyume kabisa, Paramount+ wakaifuta Juni 2023, Netflix wakaichukua na msimu wa pili ukatoka kwao Julai 2024. Ukoo mmoja wa tamthilia huo, apu tatu, na moja kati ya hizo Tanzania hatuna.

Sababu ni kwamba haki za kuonyesha zinauzwa nchi kwa nchi na kwa muda maalum. Zamani kampuni ya Marekani ilikuwa inatengeneza halafu inawauzia wengine huku nje, zilipoanza kufungua apu zao zenyewe zikaanza kurudisha vitu vyao nyumbani. Disney+ ilifunguliwa Novemba 2019, Afrika Kusini ikaingia Mei 2022, baada ya hapo nchi za kaskazini kama Misri na Morocco, sisi hatumo. HBO Max ilianza 2020, 2023 ikaitwa Max, 2025 ikarudi kuitwa HBO Max, majina yote hayo na hatujawahi kuweza kujiunga. Kwa hiyo ukiona kaka yako aliyeko Ulaya anakutumia video ya tamthilia mpya usikimbilie kulipia chochote.

Fanya hivi kwanza. Fungua brauza, usilipie kitu, tafuta jina la tamthilia pamoja na jina la huduma, Netflix au Prime Video, uone kama kwa hapa ukurasa wake unafunguka. Hesabu misimu. Kama nje imefika wa sita na hapa iko miwili, jua utakwama katikati na ujiulize kama uko tayari kwa hilo.

Namba moja kwangu bado ni Netflix, na naongelea kile kifurushi cha simu tu. Wapo huku tangu Januari 2016, vitu vingi wametengeneza wenyewe kwa hiyo haviondoki ovyo kama vile vya kukodi, na unaweza kushusha ukaangalia bila mtandao. Hapo kwenye kushusha ndo penye utamu wenyewe kwa mtu wa huku. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa na ile kali ya HD mpaka GB 3, sasa chukua msimu wa ipisodi kumi za dakika 45, hayo ni masaa saba na nusu, kwenye HD unaongelea GB 22 na zaidi kwa msimu mmoja, bando gani hilo la mwezi? Ila ukiingia kwenye mipangilio ya apu ukachagua kuokoa data wanasema GB 1 inakupa kama masaa sita, msimu wote huo unamalizika na GB moja na kidogo. Kwenye kioo cha simu picha inatosha kabisa. Kama kazini au chuo kuna waifai shusha huko, halafu angalia kwenye Coaster ya Moshi kwenda Arusha mtandao ukate usikate, au nyumbani umeme ukiondoka.

Ila uelewe unachonunua. Kifurushi cha simu ni kifaa kimoja, picha haizidi 480p na hakirushi kwenye TV. Mtu ananunua hiki kwa sababu ni rahisi, anafika nyumbani Sakina watoto wanasubiri kwenye TV, haiwezekani. Kama ni ya familia chukua kinachofuata juu yake. Pia baadhi ya ulivyoshusha vinaisha muda masaa 48 baada ya kubonyeza play, kwa hiyo usifungue ipisodi tano kwa pamoja kujaribu tu. Na ule utaratibu wa kuchangia akaunti na binamu aliyeko Dar usiupigie hesabu, tangu Mei 2023 wamebana sana, akaunti ni ya nyumba moja.

Namba mbili, Prime Video. Ilifika karibu dunia nzima Desemba 2016 na ina tamthilia zake nzito, ila ndani ya apu utakutana na vitu vingi vinavyosema havipatikani ulipo, hapo ndo ile kazi ya kuhesabu misimu inakuwa ya lazima. Na kingine, Januari 2024 walisimamisha kutengeneza kazi mpya za Afrika, kwa hiyo kama ulikuwa unailipia kwa ajili ya vya kwetu usitegemee vipya. Mimi nasema iwe ya mwezi mmoja mmoja. Kuna tamthilia yako imekamilika humo, lipa, maliza, toka.

Hapo niseme kuhusu kulipa maana ndo hela inapopotelea. Hizi apu za nje zinataka kadi, ukiwa huna ya benki unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni kwenye M-Pesa na kuweka hela ya kutosha tu hiyo malipo. Bei zinaandikwa kwa dola mara nyingi kwa hiyo angalia ukurasa wa malipo siku hiyohiyo, usishike bei uliyoambiwa na mtu mwaka jana, na ukumbuke kuna VAT ambayo tangu 2022 inazigusa na huduma za mtandaoni za kampuni za nje, halafu juu yake makato ya kubadilisha fedha. Sasa ukishalipa tu, siku hiyohiyo ingia ukasitishe kujiunga. Hawakufungii, unaendelea kuangalia mpaka mwezi uliolipia uishe, na mwezi ujao hakuna hela itakayochomoka bila wewe kutaka. Kwa staili hiyo mtu analipia Netflix Machi, Prime Video Aprili, Mei hapendi kitu anakaa zake. Kulipia zote kila mwezi kwa mshahara wa huku sioni maana yake.

Wa anime, zile katuni za Kijapani, wanisikilize peke yao, kwenu apu ya Crunchyroll inaruka hizo mbili inakuwa ya kwanza. Sony waliinunua 2021, vitu vya Funimation, apu nyingine ya anime, vikahamia huko, kwa hiyo angalau kwenye anime mtawanyiko umepungua badala ya kuongezeka. Kagua tu kama kifurushi unachochagua kinaruhusu kushusha.

Namba tatu yangu itawashangaza, ni diski original. Sio kwa kila kitu, ni kwa ile tamthilia MOJA unayoipenda ambayo unairudia kila mwaka. Diski haihami apu, haimalizi mkataba, haili bando, na kama kuna ndugu anakuja kutoka nje mwambie akubebee. Lakini kuna mtego wa kanda. DVD za Marekani ni kanda 1, za Uingereza kanda 2, sisi Tanzania ni kanda 5, ukiiweka kwenye deki ya kawaida inaweza kugoma, mpaka upate deki inayosoma kanda zote. Blu-ray ni nafuu hapo, sisi na Uingereza wote ni kanda B kwa hiyo ya Uingereza itacheza kwenye deki ya huku, ya Marekani ni A usiinunue bila kuuliza. Na usidanganyike kwamba kununua nakala ya mtandaoni ni sawa na kuwa na diski. Waliokuwa na nakala zao za kidijitali Funimation waliambiwa ni zao milele, apu ikafungwa Aprili 2, 2024, nakala zikaenda nayo.

Namba nne ni king'amuzi cha DStv kwa ambaye roho yake iko kwenye vya HBO, maana miaka yote vya HBO huku vimepita kwa MultiChoice, kampuni yenye DStv na apu ya Showmax. MultiChoice yenyewe ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025, na biashara ikibadilisha mwenyewe mambo mengi yanaweza kugeuka, kwa hiyo kwa upande huu wote lipia mwezi, usilipie kitu chochote cha muda mrefu, na hiyo Showmax usiiwekee hela kabla hujahakikisha hali yake siku hiyo. Azam Max sijaipanga humu, kwa tamthilia za Kiswahili na ligi yetu iko vizuri na unalipia kwa simu bila habari za kadi, ila haitakutatulia tatizo la sizoni za nje.

Zinazobaki chini ni mbili. VPN, yaani programu ya kuficha ulipo ujifanye uko Marekani, siishauri: apu zenyewe zinaikamata na kuizuia, ukitaka kulipia nyingi zinadai kadi ya huko, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Utalipa VPN, utalipa apu, na bado usione kitu.

Ya mwisho kabisa ni kujaza flashi kule kwenye laibrari za muvi. Ni kinyume cha sheria ya hakimiliki ya 1999, na hata tukiacha sheria, ipisodi ya saba haipo, ya nane sauti imepishana na midomo, flashi inarudi na virusi. Vijana wanaofanya ile kazi siwachukii, wameziba pengo ambalo wenye mali wameliacha wazi. Ila aliyeandika, aliyeigiza na aliyebeba kamera hapati kitu, na hakuna rekodi yoyote inayoonyesha kwamba Moshi kuna watu wanaitaka ile tamthilia. Netflix wana ukurasa wa kuomba tamthilia kwenye sehemu yao ya msaada, unaandika jina unatuma, ni bure. Kama ya kwako hawana, nenda kaiandike leo, na mwambie na yule rafiki yako mnayeangalia naye aiandike.