Kitabu cha MTUHA au kishikwambi: zahanati itumie kipi?

Kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya karatasi ya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hakizimiki. Umeme ukikatika, muuguzi anaendelea kuandika, mstari mmoja kwa kila mgonjwa. Tabu huja mwisho wa mwezi: kuhesabu vijistari kwenye karatasi za kujumlishia, kunakili jumla kwenye fomu ya ripoti, kisha fomu isafiri hadi wilayani ikaingizwe kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kila hatua ni nafasi ya kukosea. Waliopimwa malaria wanaandikwa 84, wenye vimelea 91, na hakuna anayeshtuka.

Hapo kishikwambi kinashinda waziwazi. DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, huwekewa kanuni za ukaguzi: wenye vimelea wakizidi waliopimwa, onyo linatokea mhudumu akiwa bado na rejista mbele yake. Programu yake ya Android hutunza taarifa bila mtandao na kuzituma baadaye. Lakini kifaa kikiibwa au kikifa kabla ya kutuma, taarifa hizo zimepotea.

Kosa moja linavikumba vyote viwili, nalo ni baya: kuacha kisanduku wazi badala ya kuandika 0. Sifuri inasema hakuna mgonjwa; uwazi hausemi chochote, na dawa hupangwa kwa takwimu hizo.

Zahanati yenye watumishi wawili na umeme wa kubahatisha ibaki na kitabu, ila ijumlishe kila Ijumaa, isingoje tarehe 30. Kituo chenye sola na mtu wa takwimu kihamie kwenye kishikwambi. Kuandika kwenye kitabu na kishikwambi kwa pamoja kwa miezi mingi kunawachosha wauguzi, na wagonjwa wanasubiri.