Diski ya nje kwa ajili ya bakapu ya nyumbani: WD Elements, Seagate Expansion, Toshiba Canvio au Samsung T7?

Karibuni watazamaji. Mezani leo kuna diski nne za nje: WD Elements ya tera 2, Seagate Expansion ya tera 2, Toshiba Canvio Basics ya tera 1, na hii ndogo kabisa ni Samsung T7, ambayo ni SSD, yaani inahifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka. Swali letu ni moja: kwa bakapu ya kompyuta ya nyumbani, ununue ipi?

Mwenye haraka achukue jibu sasa hivi. Nunua diski ya kawaida ya kuzunguka, ya inchi 2.5, inayopata umeme kwenye waya wa USB. Kama bajeti yako ni ya tera 2, fikiria kununua mbili za tera 1. T7 ni kifaa kizuri sana, ila kwa kazi hii utakuwa unalipia kasi ambayo huitumii.

Sasa tuingie ndani. Wengi wakishanunua diski wanahamishia picha na nyaraka zote humo, kisha wanafuta kwenye laptopu ili wapate nafasi. Jamani, hiyo siyo bakapu. Mafaili yalikuwa sehemu moja, na sasa bado yako sehemu moja, tena sehemu inayodondoka mezani kirahisi. Bakapu maana yake faili lipo kwenye kompyuta NA lipo kwenye diski. Kuna kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Ndiyo sababu napendelea diski mbili ndogo: moja inabaki kwako, nyingine inakaa kwa dada yako au kwenye droo ya ofisini, na mnazibadilishana kila mwezi. Mwizi akiingia, au moto ukitokea, hawezi kuzipata zote mbili.

Ukubwa. Fungua kompyuta uangalie nafasi iliyotumika, siyo ukubwa wa diski yake. Zidisha mara mbili. Ukitumia gigabaiti 350, tera 1 inakutosha vizuri, kwa sababu programu ya bakapu haibebi nakala ya leo peke yake, inatunza na matoleo ya nyuma ya kila faili. Kwa wenye Mac, Apple wenyewe wanashauri diski ya Time Machine, programu yao ya bakapu, iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa diski ya Mac yako. Na ukichomeka diski ya tera 1 kwenye Windows ukaona imeandika gigabaiti 931 badala ya 1,000, usirudi dukani kugombana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Tera 2 itaonekana 1.81. Hakuna aliyekuibia.

Kasi sasa, na hapa tukae kidogo. Diski hizi tatu za kuzunguka zinaandika kati ya megabaiti 100 na 140 kwa sekunde zikiwa kwenye tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani. Gigabaiti 500 kwa kasi ya 120 ni kama saa moja na dakika kumi. Diski hiyohiyo ukiichomeka kwenye USB 2.0 inashuka hadi 35 hivi, na kazi ileile inachukua karibu saa nne. Kwa hiyo kabla hujalaumu diski, angalia tundu. Angalia na waya: tundu la diski hizi ni lile pana lenye sehemu mbili, na waya wa zamani wa simu unaingia kwenye nusu yake vizuri tu. Diski itafanya kazi, lakini kwa mwendo wa USB 2.0.

Samsung wanaandika T7 inasoma hadi megabaiti 1,050 kwa sekunde. Ni kweli, ila inahitaji tundu la gigabiti 10. Kwenye tundu la kawaida la gigabiti 5, ambalo ndilo lililopo kwenye laptopu nyingi za nyumbani, unapata chini ya nusu ya hapo. Na ukishamaliza bakapu ya kwanza, zinazofuata zinabeba mabadiliko tu, gigabaiti mbili tatu. Iishe kwa sekunde ishirini au kwa dakika moja, wewe si utakuwa unakunywa chai?

Kuna jambo moja ambalo halijaandikwa kwenye boksi. Diski nyingi za inchi 2.5 za siku hizi, hasa kuanzia tera 2, zinatumia mtindo uitwao SMR. Njia za data juu ya sahani zinazozunguka ndani ya diski zimepandana kama makuti ya paa: ukitaka kubadili kuti la chini inabidi uinue na la juu. Ndani ya diski, hiyo maana yake ni kwamba kubadili kipande kidogo kunailazimisha iandike upya eneo zima. Mwanzoni huoni kitu, kwa sababu kuna sehemu ya kupokelea data haraka. Ikijaa, kasi inaporomoka kutoka 120 hadi 30, wakati mwingine chini ya hapo, hasa mafaili yakiwa madogo madogo maelfu. Watu wanadhani diski imekufa, wanaichomoa katikati ya kazi, na hapo ndipo wanaiharibu kweli. Bakapu ya kwanza ianze usiku, uiache. SMR ni mbovu kwa kazi ya kuandika na kufuta kutwa nzima. Kwa bakapu inavumilika kabisa.

Tofauti za hizi tatu ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema. Elements haina programu yoyote ndani, na mimi naihesabu hiyo kuwa sifa. Ndugu yake, My Passport, inakuja na nywila na usimbaji wa AES wa biti 256, yaani data inafungwa isisomeke bila nywila. Inasikika vizuri, lakini ukisahau nywila hiyo, data imekwenda. Tena kwenye diski za WD tundu la USB kwa kawaida limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski yenyewe. Tundu likivunjika, huwezi kuifungua ukatoa diski ukaivalisha kasha jingine. Expansion nyingi zina ndani diski yenye kiunganishi cha kawaida cha kompyuta, SATA, na bodi ndogo ya kuunganishia, kwa hiyo tundu likifa fundi anabadilisha kasha tu. Kwangu mimi hilo linaipa Seagate pointi moja mbele. Canvio iko katikati, inunue tu ikiwa bei yake imeshuka.

Zile kubwa za inchi 3.5, zenye adapta ya volti 12? Bei kwa kila tera ni nzuri. Lakini zinategemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, laptopu inaendelea na betri yake, diski inazimika palepale. Bila UPS, ile betri ya akiba ya umeme wa ukutani, siishauri kwa nyumba ya Dar, Nairobi wala Kampala. Na adapta ikipotea usijaribu ya laptopu ya volti 19 kwa sababu tu pini inaingia. Bodi itaungua.

T7 inafaa nani? Anayesafiri nayo. Haina kitu kinachozunguka, ina gramu 58, ikidondoka mara nyingi inapona. Ila SSD ina tabia mbili mbaya kwa bakapu: ikifa, mara nyingi inakufa ghafla bila dalili, na haipendi kufungiwa kabatini miaka bila umeme, kwa sababu data imehifadhiwa kama chaji, na chaji huvuja polepole. Joto linaharakisha kuvuja huko.

Kununua. Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba ichomekwe mbele yako. Diski ya kuzunguka utaihisi ikianza kunguruma kidogo mkononi. Ukiona "SSD ya tera 16" kwa bei ya flashi, hiyo ni kadi ya memori iliyogundishwa ndani ya kasha, na namba imechezewa ili kompyuta iamini. Itapokea mafaili yako yote bila kulalamika, kisha itaandika juu ya yale ya mwanzo. Majina ya mafaili utayaona, ila hayatafunguka. Kuipima kuna programu ya bure, H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux: inajaza diski yote kisha inasoma tena. Kwa tera 2 halisi tenga saa kumi na moja hivi. Feki huwa inajulikana mapema zaidi.

Halafu fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha afya ya diski. Angalia saa ilizowashwa: mpya haitakiwi kuwa na mamia ya saa. Kisha mistari 05, C5 na C6, hiyo ni idadi ya sehemu mbovu, zote ziwe sufuri. C7 ikipanda peke yake, kosa kwa kawaida ni la waya au kiunganishi, siyo sahani.

Kuandaa. Kwa Windows, ifomati iwe NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, hata kama imekuja na mpangilio mwingine wa exFAT. Sababu ni kwamba NTFS inaandika kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa mafaili kabla ya kuyafanya, kwa hiyo waya ukichomoka inaweza kujirekebisha. exFAT haina hiyo kinga. Kwa Mac, Time Machine itaifomati yenyewe kuwa APFS, mpangilio wa Apple, na kufuta kila kitu, kwa hiyo usiipe diski yenye vitu. Na wenye Windows na Mac msijaribu kuigawana diski moja ya NTFS: Mac inaisoma lakini haiandiki.

Windows ina programu yake ya bakapu, File History, ipo kwenye Control Panel. Ukiiwasha inahifadhi kila saa moja diski ikiwa imechomekwa. Tahadhari: inachukua Documents, Pictures, Desktop na wenzake tu. Folda uliyojitengenezea kwenye D haimo mpaka uiongeze kwenye maktaba za Windows (Libraries). Na faili lenye alama ya wingu la OneDrive halipo kwenye kompyuta yako, lipo mtandaoni. Libofye kulia, chagua libaki kwenye kifaa hiki, ndipo ufanye bakapu.

Wanaopenda kuandika amri wanaweza kutumia robocopy, amri ya kunakili mafaili iliyomo ndani ya Windows. Iko hivi, angalieni kwenye skrini:

robocopy C:\Users\Asha E:\Bakapu /E /XJ /R:1 /W:1

Badilisha Asha kwa jina la akaunti yako, na E kwa herufi ya diski yako ya nje. /XJ usiiache, bila hiyo inaingia kwenye folda zinazojirudia zenyewe na haitoki. /R:1 na /W:1 nazo muhimu: usipoweka, ikikutana na faili lililofungwa na programu nyingine inajaribu mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30. Utaamka asubuhi iko palepale. Na /MIR mnayoiona kwenye maelekezo ya watu inafuta kwenye diski chochote kisichokuwepo kwenye kompyuta. Ukifuta folda kwa bahati mbaya leo, usiku bakapu nayo inaifuta.

Ikimaliza, itoe kwa njia salama, subiri sekunde kumi sahani zisimame, ndipo uinyanyue. Usiiache imechomekwa. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vinafunga kila diski vinayoiona, na bakapu iliyochomekwa inafungwa pamoja na kompyuta. Na tafadhali, isiwe ndiyo diski ya kubebea muvi kwa marafiki. Inunulieni muvi flashi yake.

Walio pwani, Mombasa, Tanga, Unguja: iwekeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ikitoka kwenye chumba cha AC isubiri nusu saa kabla ya kuwashwa.

Mara moja kila miezi mitatu chukua picha moja, hati moja na video moja kutoka kwenye bakapu, vifungue kwenye kompyuta nyingine. Vikifunguka, sawa.

Mwisho, dalili. Ikianza kutoa tik-tik na kupotea kwenye skrini, kwanza ihamishe kwenye tundu la nyuma la kompyuta, na itoe kwenye habu, kile kigawa matundu ya USB, isiyo na umeme wake. USB 3.0 inatoa miliampia 900, USB 2.0 inatoa 500, na diski inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji kufikia ampia moja. Mara nyingi ni njaa ya umeme tu. Ikiendelea kugonga hata kwenye tundu zuri na waya mwingine, izime. Kama data ipo bado kwenye kompyuta, peleka diski dukani na risiti ubadilishiwe. Kama haipo popote pengine, usiifungue wala usiendelee kuijaribu, maana kila unapoiwasha vichwa vya kusomea data vinaweza kuzidi kukwangua sahani. Ipeleke kwa wataalamu wa kuokoa data, na jua kwamba dhamana inalipa diski, hailipi kilichokuwa ndani.