Duluth: pa kuitazama kwa karibu meli inayojishushia mzigo

Lake Superior Maritime Visitor Center, jumba lililo ukingoni mwa mfereji wa meli mjini Duluth, Minnesota, huendeshwa na wahandisi wa jeshi la Marekani na halitozi kiingilio. Ndani mna mifano ya meli na mashine kubwa ya mvuke, lakini kilichonivuta mimi ni ratiba ya meli, kwa kuwa mfereji una upana wa takriban mita 91 tu, na meli hupita karibu kiasi cha kumwona baharia akikupungia mkono.

Niliingoja Paul R. Tregurtha, iliyoundwa mwaka 1981, ambayo kwa urefu wake wa karibu mita 309 inazipita meli zote za Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Ilipiga honi tatu ndefu na mbili fupi, daraja la kuinuka likaijibu, nami nikausikia mtetemo kifuani. Juu ya sitaha ulilala mkono mrefu wa chuma, nao ndio siri ya kazi yake. Sakafu ya vyumba vya shehena imeinama kama faneli, chini yake mna milango, na chini ya milango mna mkanda unaokimbia kwa urefu wa meli. Milango ikifunguliwa, makaa ya mawe au vidonge vya madini ya chuma humwagikia mkanda, hupandishwa hadi sitahani, kisha mkono hugeuzwa ubavuni na kumwaga yote nchi kavu, pasipo winchi ya bandari wala kuli. Wafungua milango hufuata mpangilio, kwani shehena ikitoka upande mmoja tu, meli italala.

Mimi niliyezoea kuona magunia yakishushwa mgongoni bandarini Mwanza nilisimama kimya. Ufundi huu ni wa zamani, kwani Wyandotte, meli ya mwaka 1908, iliundwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo, na unaokoa saa nyingi katika maziwa ambayo malango yake ya Soo, yanayopitisha meli kati ya Ziwa Superior na maziwa mengine, hufungwa tangu Januari 15 hadi Machi 25. Lakini mabaharia ndio wanaoulipia, na hilo liligusa moyo wangu: mzigo ukiisha kwa saa chache, hakuna nafasi ya kutembea mjini.

Meli nyingi huja Duluth kupakia. Anayetaka kuuona mkono ukifanya kazi aulizie meli iletayo mawe ya chokaa. Njoo na koti hata mwezi wa Juni, na ufike mapema, kwa sababu saa zilizoandikwa hubadilika.