Uchunguzi wa mzoga wa kuku maabara: uzoefu wangu

Kuku akifa ghafla, hana jeraha na jana yake alikula vizuri, kila jirani ana jina la ugonjwa na la dawa. Mimi nilipeleka mzoga kwenye maabara ya mifugo. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Kwenye simu walinielekeza vizuri: vaa glavu, funga mzoga kwenye mifuko miwili ya plastiki, uweke kwenye friji na si kwenye friza, kwa sababu ukiganda viungo vya ndani huharibika na hadubini haioni kitu cha maana. Ufike ndani ya saa 24. Waliuliza pia kama kuna kuku waliovimba vichwa au waliobadilika rangi ya upanga kuwa zambarau, wakihofia mafua ya ndege. Swali hilo peke yake lilinifanya niwaamini.

Daktari alipasua nikiwa nimesimama kando. Utumbo kipofu, ile mirija miwili karibu na mwisho wa utumbo, ulikuwa umevimba na kujaa damu iliyoganda. Akakwangua ukuta wake kidogo, akaweka kwenye kioo, akaniita niangalie: vimelea vya Eimeria, vijiduara tele. Kumbe ni koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea hivyo, wala si mdondo (kideri) kama nilivyoambiwa mtaani. Kuku mdogo anaweza kufa hata kabla hujaona damu kwenye kinyesi.

Faida yenyewe niliipata hapo. Chanjo ya mdondo isingesaidia kitu kwa tatizo hili, na dawa nyingi za kupulizia banda haziui mayai ya vimelea hivi. Yanachopenda ni unyevu na joto. Yakivipata, siku 1 au 2 zinatosha kukomaa na kuanza kuambukiza. Basi nikaambiwa nitoe maranda yote yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, na vyombo vyenyewe niviinue hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Dawa niliyoandikiwa ni amproliamu, kwenye maji ya kunywa, kwa kundi zima. Kuku mgonjwa hugoma kula lakini maji bado anayagusa. Daktari alisisitiza vitamini zisubiri dozi iishe. Amproliamu humnyima kimelea vitamini B1, kwa hiyo ukiichanganya na vitamini hizo unadhoofisha dawa yako mwenyewe. (Wauza dawa wengi hukufungia vyote viwili kwenye mfuko mmoja, na tabasamu juu.)

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya ripoti. Ilichelewa mno, na ilipofika ilikuwa Kilatini kitupu. Bila maelezo ya mdomo ningebaki nakodoa macho. Halafu wanapima na kinyesi cha kuku walio hai, ila pale mapokezi hawakitaji. Uliza mwenyewe.