Gereji ya Tabata iliyonitegulia kitendawili cha doa jekundu

Wiki tatu nilikuwa nikiitoa gari yangu, Toyota IST, asubuhi naacha doa jekundu sakafuni. Fundi wa kwanza, wa kule kwetu Kinyerezi, aliinama sekunde kumi akasema, "Sista, sili ya gia boksi imekufa, andaa laki tatu na nusu." Nikaguna tu.

Shoga yangu akanielekeza Tabata, gereji ya mabati chini ya mwarobaini. Fundi mwenyewe mtu mzima, mpole, hana haraka (uwe na subira kweli, nilisubiri hadi saa nane mchana). Hakugusa spana. Aligusa lile tone, akalisugua vidoleni, akanipa na mimi ninuse. "Oili ya gia inateleza, mama. Hii ni majimaji, halafu ina harufu tamutamu. Ni kulanti, yale maji ya kupoza injini. Toyota nyingi kulanti yake ni nyekundu kama oili ya gia, ndiyo maana watu wanachanganya." Tukatazama kopo la akiba la kulanti: liko chini ya alama ya chini. Akaosha injini, akapiga presha kwenye rejeta, akamulika tochi. Tone likachungulia kwenye kitundu kidogo cha wota pampu, pampu inayozungusha hiyo kulanti.

Uchunguzi elfu ishirini. Pampu nilinunua mwenyewe Kariakoo, ufundi elfu hamsini. Sasa ni mwezi wa pili tangu atengeneze, sakafu kavu.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya choo, na risiti anaandika nyuma ya boksi la plagi.