Rampu za mwinuko mdogo kwa gari lililoshushwa: uzoefu wangu

Kama gari lako liko chini na unachagua rampu, yaani vipandio vya kuinulia tairi ili uingie uvunguni, usianze na uzito ulioandikwa kwenye boksi. Mtihani huo rampu nyingi zinaufaulu. Kinachoamua kama utapanda au bampa itagota ni ukali wa mwinuko, na mara nyingi huo umeandikwa kwa herufi ndogo pembeni au haukuandikwa kabisa. Mimi nilinunua rampu ndefu za povu gumu zenye vipande viwili, nimezitumia vya kutosha, na ninaziona zinafaa, ingawa kuna mambo mawili matatu yanayoniudhi.

Gari langu ni Toyota 86 yenye springi fupi kuliko zilizotoka kiwandani, na chini ya bampa kuna mdomo wa plastiki uliotokeza. Kutoka sakafuni hadi kwenye mdomo huo ni sentimita 11. Kutoka pale tairi la mbele linapogusa sakafu hadi chini ya mdomo ni sentimita 70. Hapo pima kwa kufuata mstari wa tairi, si katikati ya gari, kwa sababu bampa limepinda na katikati limetokeza zaidi. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Jibu langu linasema gari linavumilia mwinuko usiozidi sentimita 15 na kidogo kwa kila mita.

Sasa chukua rampu fupi ya kawaida yenye pembe ya nyuzi 17 hivi. Hiyo hupanda sentimita 30 kwa kila mita, kwa hiyo inafika kimo cha sentimita 11 baada ya sentimita 36 tu. Tairi langu linakuwa bado lina safari, na bampa tayari limegonga. Haijalishi rampu hiyo inabeba tani ngapi.

Zangu zina mteremko wa sentimita 150 kwa kimo cha sentimita 20, yaani nyuzi 7 na nusu hivi. Tairi likigusa ncha ya rampu, chini ya mdomo wa bampa rampu ina kimo cha sentimita 9 na kidogo. Nabakiwa na upenyo wa karibu sentimita 2. Ni padogo, lakini pale mwanzo ndipo penye hatari kuliko kwingine kote, maana tairi likianza kupanda, pua nayo inainuka. Anayetaka kimo cha sentimita 25 kwa gari kama langu atafute mteremko usiopungua sentimita 160, na hapo hana hata sentimita ya akiba.

Kuhusu uzito, soma vizuri namba inazungumzia nini. Kuna watengenezaji wanaoandika uwezo wa rampu moja, wengine wa jozi, na wengine wanaandika uzito wa gari zima huku wakijua kwamba ni ekseli moja tu, yaani tairi mbili za mbele au mbili za nyuma, itakayopanda. Gari langu lina kilo 1,250 hivi, na zaidi kidogo ya nusu ziko mbele, kwa hiyo kila rampu inabeba kama kilo 330. Rampu zangu zimeandikwa kilo 680 kwa kila moja. Mwenye gari lenye injini nyuma akumbuke kwamba hesabu yake inageuka, na akipandisha upande wa nyuma mzigo ni mkubwa zaidi.

Povu nililipenda kwa sababu ni jepesi, halina kona kali za kukwaruza rimu, na linakaa sakafuni kwa eneo lake lote. Rampu za chuma zenye miguu myembamba huweza kuzama kwenye lami iliyopata joto. Ubaya wa povu ni petroli. Ikipenya kwenye ufa wa ganda la nje inayeyusha povu la ndani, na kwa nje huenda usione kitu. Ndiyo maana nazikagua kila ninapozitoa, na nikibadilisha filta ya petroli sizitumii kabisa. Matofali ya saruji nayo siyataki hata kuyasikia katika habari hizi. Hayapindi kwanza yakakuonya, yanapasuka ghafla.

Namna ya kupanda inategemea gari linasukumwa na tairi zipi. Langu linasukumwa na za nyuma, kwa hiyo za mbele zinaisukuma rampu mbele badala ya kuipanda, hasa sakafu ikiwa na vumbi au tone la oili. Nafagia kwanza. Kisha natandika mkeka wa mpira mrefu kiasi kwamba ncha yake inakaa chini ya tairi la mbele lenyewe, na rampu inakaa juu ya mkeka huohuo. Uzito wa gari ndio unaoushika mkeka. Tangu nianze kufanya hivyo rampu hazijasogea. Kwa gari linalovutwa na tairi za mbele hatari ni nyingine: tairi likizunguka bila kushika, linaweza kuitupa rampu nyuma, kwa hiyo asiwepo mtu yeyote huko.

Natafuta msaidizi. Anasimama ubavuni, usawa wa dirisha langu, hasimami mbele ya gari wala nyuma yake. Kioo kiko chini, redio imezimwa, na neno letu ni moja tu: simama. Gia ya kwanza, klachi taratibu, usukani umenyooka tangu mita chache nyuma. Kufika juu unakuhisi, pua inatulia na tairi linaingia kwenye kibonde cha kuliweka. Hapo breki, bila kujaribu kusogea hata kidogo zaidi.

Kabla ya kuingia uvunguni nazima injini, natia gia, navuta handibreki, naweka kabari nyuma ya tairi zote mbili za nyuma, kisha nalitikisa gari kwa nguvu zangu zote nikiwa nimesimama pembeni. Kama lina nia ya kuteremka, literemke wakati huo. Stendi za kushikilia gari lisianguke naziweka pia, chini ya sehemu za kuinulia gari, ingawa hazijabeba kitu. Jirani yangu huniambia naogopa. Sawa, naogopa.

Jambo ambalo sijaliona kwenye karatasi ya maelekezo, na lingepaswa kuwa la kwanza, ni hili. Handibreki ya magari mengi hushika tairi za nyuma tu. Kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma, gia nayo inashika hizohizo. Mbele ikiwa juu ya rampu, kinachozuia gari lisirudi ni tairi mbili zilizobaki sakafuni. Ukipeleka jeki nyuma na kuziinua, hakuna tena handibreki, hakuna gia, hakuna kabari. Gari zima limebaki kwenye tairi za mbele zinazozunguka zitakavyo. Anayehitaji kuinua pande zote atumie rampu nne, au aweke kabari zilizobana tairi za mbele hukohuko juu kabla ya kugusa jeki. Mimi siinui nyuma kwa jeki mbele ikiwa juu ya rampu hizi. Kibonde chake ni kifupi mno kwa imani yangu.

Kazi inayonifaa zaidi ni kumwaga oili. Kwenye Toyota 86 filta ya oili iko juu ya injini, huhitaji kulala chini kuifikia, lakini nati ya kumwagia iko chini, na bila rampu mkono haupiti. Rampu zinafaa pia kwa kukaza boliti za mikono ya suspensheni, kwa sababu uzito wa gari uko kwenye tairi na bushi, yaani mipira ya viungo vyake, zinakazwa zikiwa katika mkao wa kawaida. Kwa breki au kubadilisha tairi hazikusaidii, tairi ndilo limekalia rampu. Na usipime oili ya gia boksi ukiwa umeinua mbele peke yake. Gari limelala nyuma na kipimo kitakudanganya.

Vipande viwili nilivifurahia kuliko nilivyotarajia. Ukishapanda unachomoa kile cha mteremko, na ubavu wa gari unabaki wazi. Unajilaza bila kuruka chochote. Hatari yake iko wazi pia: ukisahau kukirudisha na ukaanza kushuka, tairi linaanguka kutoka sentimita 20. Dawa yangu ni funguo. Nikichomoa kipande, naviweka vyote viwili pamoja, na funguo za gari zinakaa juu yake. Huwezi kuwasha gari bila kukiona.

Yanayoniudhi: zinakula nafasi, kwa sababu hata zikitenganishwa kila kipande cha mteremko kina mita moja na nusu. Kiungo cha vipande hukusanya mchanga na kisipofagiliwa hakifungi sawasawa. Pia tazama nyuma kabla ya kupanda, si mbele tu. Pua ikipanda, bampa la nyuma linashuka. Kwangu ni kama sentimita 6, na bomba la ekzosti lililobadilishwa linaweza kugusa sakafu.

Upana wa zangu ni sentimita 30. Kwa tairi langu la milimita 245 kuna nafasi ya kukosea kidogo kila upande. Mwenye tairi la milimita 285 atafute pana zaidi, kwa sababu nafasi hiyo itabaki chini ya sentimita 1 kila upande, na kutoka kwenye kiti cha dereva huwezi kuiona.