Shahada za afya nje ya udaktari: ipi ikae juu kwenye fomu yako

Dirisha la udahili likifunguliwa, wengi waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huweka udaktari juu, kisha maabara au fiziotherapia chini kama akiba. Akiba hiyo haina uhakika. Vigezo vya kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni kiwango cha chini cha kukuruhusu kuomba; baada ya hapo ni ushindani, na darasa la kada hizi mara nyingi ni dogo kuliko la madaktari watarajiwa.

Pointi zenyewe ni rahisi: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Watu huangushwa na masharti ya somo moja moja. Jumla inatosha, ila Kemia ina E mahali panapotakiwa D. Wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hukwama kwenye Fizikia. Afya ya mazingira ndiyo kwa kawaida hupokea Jiografia badala yake. Wenye stashahada huangalia GPA ya 3.0 wakasahau cheti cha kidato cha nne, ambacho nacho hukaguliwa somo kwa somo.

Maabara ni kozi inayopatikana katika vyuo kadhaa, na ubora wake hutofautiana sana. Siku hizi mashine hufanya vipimo vyenyewe, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumaliza akijua kubonyeza tu. Waulize wa mwaka wa tatu: nani huchora chati za Levey-Jennings za kudhibiti ubora, wao au fundi wa hospitali? Wakishangaa jina hilo, tafuta chuo kingine.

Radiolojia inavutia, ila ukitembelea chuo tazama vifua vya wanafunzi walio zamu. Kila mmoja anapaswa kuvaa beji yake ya kupimia mionzi, nayo ipelekwe kusomwa kwa utaratibu. Tume ya Nguvu za Atomu hutoa huduma hiyo. Beji moja ya kuazimana haipimi dozi ya mtu yeyote.

Kozi tunayoiona inadharauliwa bila sababu ni ya viungo bandia na vifaa tiba vya mifupa. TATCOT, chuo kilicho pale hospitali ya KCMC Moshi, imekuwa ikiifundisha fani hii tangu 1981 na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ni kazi ya karakana hasa. Unachukua umbo la kigutu kwa bandeji za plasta, unamimina plasta ndani, kisha unalirekebisha: penye ncha ya mfupa unaongeza, chini ya pia ya goti unapunguza ili uzito ubebwe hapo. Bamba la polipropilini linapashwa kwenye oveni, linalazwa juu ya umbo, hewa inafyonzwa ili plastiki ishike. Ukikosea milimita chache kwenye urekebishaji, mgonjwa atarudi na kidonda, au hatarudi kabisa na mguu utabaki uvunguni. Asiyependa vumbi na kusimama muda mrefu asiombe. Udhaifu wake ni kwamba hospitali zenye karakana kamili ni chache, na kuanzisha yako kunadai oveni, pampu ya kufyonza na mashine ya kusaga.

Fiziotherapia na optometria (upimaji wa macho) zinamfaa zaidi anayewaza kujiajiri, kwa kuwa vifaa vya kuanzia vinabebeka.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, jua baraza litakalokusajili. Maabara, radiolojia na optometria zina mabaraza yao. Fiziotherapia iko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza pia kama kada yako ina mwaka wa utarajali, na wahitimu waliopita walisubiri kupangiwa kwa muda gani.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa msimbo unaotumwa kwenye simu uliyojiandikisha nayo. Basi usijaze namba ya mwenye stationeri.